Ponti Iliyorudi Kulia

Ponti ya Hilux ya Mama Émilienne ilirudi kulia siku kumi na mbili baada ya mimi kuapa kwamba haitalia tena. Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa nimelala chini ya Carina ya mtu, hapa garajini kwangu Nyakasanza, mafuta meusi yakinidondokea usoni, nikasikia ikija kutoka upande wa soko: vuuu, vuuu, kama mwanamke aliyekodiwa kulia matangani na bado hajapewa chakula. Nikamwambia mwenye Carina kwamba mgonjwa wangu anakuja kunisalimu. Akacheka. Watu hucheka ninaposema, ndiyo mali niliyobaki nayo. Waliochoma garaji yangu ya kwanza, kule upande wa Eringeti, walichoma kila kitu hata viatu vya marehemu kaka yangu. Mdomo niliondoka nao mzima.

Kwa asiyejua motokari: ponti ya nyuma ni lile jungu la chuma lililo katikati ya magurudumu mawili ya nyuma. Ndani mna meno makubwa na meno madogo yanayoumana, na rulema zinazoyawezesha kuzunguka, zile pete mbili za chuma zenye vyuma vidogo vinavyobiringika katikati yake. Ponti nzima haina sauti. Ukiisikia, ujue inakushitakia jambo, na kazi ya fundi ni kujua jambo gani. Ikilia unapokanyaga gesi, ni meno. Ikigonga unapokata kona, ni zile gia ndogo za katikati. Ikivuma muda wote, ukikanyaga au ukiachia, na jungu likawa na joto, basi ni rulema. Hayo nilifundishwa Butembo na muzee mmoja aliyekuwa akinipiga kisogoni kwa funguo ya kumi na saba kila nilipokosea. Nilijifunza upesi.

Usukani wa Hilux ile aliushika Fabien. Miaka minne alikuwa shofere wa Mama Émilienne, akimletea mafuta ya ngazi, yaani mawese, na ndizi kutoka Komanda. Fabien ni mtu wa Djugu. Shamba lao la maharagwe lilibaki mikononi mwa wenye bunduki, na yeye na mkewe Gracieuse na watoto wao watano walikuwa wakiishi chini ya plastiki, katika kambi ya wakimbizi wa vita nje kidogo ya mji. Watu saba walikula kwa usukani ule. Alikuwa mpole, mwenye kufikiri kabla ya kujibu, asiyejua utani kabisa. Na mtu asiyejua utani, mbele yangu mimi, ni kifaranga mbele ya mwewe.

Siku ile alizima mashine, akashuka, akaniambia polepole kwamba makelele yamerudi, yanaanza mwendo ukifika sitini, hayabadiliki hata akiachia gesi, na akisimama njiani akigusa jungu, upande wa kushoto unawaka kuliko wa kulia.

"Patro, iko upande wa kushoto," alisema, akiniita bosi kama kawaida yake. "Kila mara kushoto."

Nikamuuliza tangu lini mashofere wanavaa blouse nyeupe ya daktari. Nikamuuliza kama ponti imemwonyesha pia mahali pa kupiga sindano. Wale wawili watatu waliokuwapo wakacheka, Fabien akatazama chini, nami nikafungua ponti. Rulema ya kushoto ilikuwa imechoka. Nikaweka nyingine mpya, mafuta mapya, nikafunga. Sikujiuliza kwa nini rulema ya siku kumi na mbili inachoka. Nilisema moyoni kwamba vitu vya siku hizi ni vya bandia, sote tunasema hivyo, na ni neno linalofunika ujinga na uvivu wa mafundi wote wa Ituri.

Baada ya wiki mbili ikalia tena.

Lazima nieleze kwa nini Fabien alikuwa akiogopa sauti ile kuliko mimi. Barabara ya Komanda haiendeki kwa kupenda. Inafungwa, inafunguliwa, na siku ikifunguliwa motokari zinaondoka pamoja asubuhi, askari mbele, askari nyuma. Ukiharibikiwa njiani, msafara haukungoji. Utabaki na ndizi zako na miti pande zote mbili. Kwa hiyo shofere wa Komanda anasikiliza ponti yake kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kukohoa. Mimi niliisikiliza dakika tano tu, garajini, nikiwa na watu wa kuchekesha.

Mara hii nilipoitoa ile rulema ya kushoto, niliogopa kidogo. Wiki mbili tu, na ilikuwa imebadilika rangi kuwa bluu kwa moto, ina vidonda, utadhani imetoka katika lori la enzi za wakoloni. Nikaifunga katika kitambaa nikaenda kumwonyesha Mama Émilienne kwenye parkingi ya motokari za Komanda, mahali anaposhushia mizigo yake.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mashofere walikuwa wamekaa kwenye benchi la Mama Régine, anayeuza chai na mikate ya kukaanga, na Camille, mkubwa wa parkingi, alikuwa katikati yao kama kawaida. Fabien naye alikuwapo, amesimama na kikombe chake. Mama Émilienne akaipokea rulema, akaigeuza. Yeye ni wa kwetu, wa Butembo, mjane aliyepanda biashara yake ndoo kwa ndoo, na aliwahi kuibiwa na mashofere wawili waliomtangulia Fabien. Mmoja aliuza gurudumu la akiba. Wa pili aliuza pompu ya injeksio akaweka nyingine iliyokufa. Wizi huo kila mtu hapa anaujua: kipya kinatoka, kizee kinaingia, na mwenye motokari haoni kitu.

Akaniuliza, "Mbusa, hii njo ile nilinunua?"

Sikujua jibu. Fundi asiyejua ana njia mbili: kusema sijui, au kuchekesha watu. Ile ya kwanza sikuwahi kuipita mbele za watu, na siku ile benchi zima lilikuwa likinitazama.

"Mama," nikasema, "miye niliweka bibi-arusi. Kama leo unakuta bibi kizee, uliza ule mwenye kulala naye."

Fabien alikuwa akilala ndani ya motokari kila alipofika Komanda, kila mtu alijua. Benchi likapasuka kwa kicheko. Mama Régine alimwaga chai. Camille akajipiga paja, akamwita Fabien Rulema, na jina hilo likaruka kutoka kinywa hadi kinywa mpaka likafika kwa wabebaji mizigo upande wa pili.

Fabien hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Patro, sema muzuri," alisema. "Watu banasikia."

Hapo nilikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha: natania. Lakini kicheko kilikuwa bado kitamu, nami nikaongeza kwamba Fabien asiogope, mahari atarudishiwa. Wakacheka tena. Ukimtoa Fabien, ni Mama Émilienne peke yake ambaye hakucheka mara ya kwanza wala ya pili. Aliirudisha rulema katika kitambaa, akaifunga fundo, na jioni ile akamnyang'anya Fabien funguo. Usukani akampa Prince, mtoto wa dada yake, kijana anayeendesha kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili una simu.

Nilipopata habari nilisema, ah, siku mbili tatu atamrudisha. Nikaweka rulema nyingine mpya, nikafunga ponti, nikaendelea na kazi zangu. Usingizi nilipata. Niseme ukweli, nililala vizuri.

Makelele yalirudi mikononi mwa Prince. Hakuna aliyesema Prince ni mwizi. Walisema Fabien alikuwa amekwisha kuiharibu motokari.

Wiki ileile, Hilux ya Constant ikaingia kwangu. Constant ni mfanyabiashara wa sabuni na magodoro ya Ariwara, mtu wa kukunja uso, na Hilux yake ni ndugu pacha wa ile ya Mama Émilienne, mwaka mmoja, rangi moja. Ilikuwa inavuma. Nikaisikiliza, nikashika jungu: joto upande wa kushoto. Mkono wangu ulibaki pale juu ya chuma muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikaifungua. Rulema mbili za kando hushikwa na kofia mbili za chuma, moja kushoto, moja kulia, ambazo sisi tunaziita shapo. Kila shapo ina kitako chake. Kiwandani wanalitoboa tundu la rulema shapo ikiwa imekwisha kufungwa mahali pake, kwa hiyo shapo na kitako ni mtu na mke wake: ukiitia kwenye ponti nyingine itaingia, boloni za kuifungia zitakaza, lakini duara halitakuwa duara. Nikapitisha ukucha mahali shapo ya kushoto inapokutana na kitako. Ukucha ukakwama. Nikapitisha upande wa kulia, ukateleza kama juu ya kioo.

Hapo nilikaa chini, juu ya tairi.

Nilikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa ponti ya Mama Émilienne kufunguliwa, wiki barabara ya Komanda ilipofungwa. Barabara ikifungwa, mashofere wote wanakumbuka magonjwa ya motokari zao, na garaji inajaa kama kanisa la Pasaka. Nilikuwa na ponti mbili wazi, ya Mama Émilienne na ya Constant. Kila shapo niliitia alama kabla ya kuitoa, kama nilivyofundishwa kwa kisogo changu: nukta moja ya patasi kushoto, nukta mbili kulia. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita, motokari zote, nukta moja na nukta mbili. Mchana ikapita habari kwamba barabara itafunguliwa kesho asubuhi. Kila mtu akaanza kupiga kelele motokari yake itoke. Nikatupa vyuma vyote katika karai moja la mazutu, yaani dizeli, ili vioshwe upesi, la pili lilikuwa limetoboka. Katika karai mlikuwa na shapo mbili zenye nukta moja. Nikachukua ya kwanza iliyokuja mkononi.

Na Fabien alikuwapo siku ile, akiosha vyuma pamoja nami bila kuombwa.

Nikamwita Prince alete Hilux. Nikazilaza ponti mbili kando kwa kando, nikairudishia kila moja shapo yake ya kushoto, nikapitisha ukucha. Uliteleza kote. Nikaweka rulema mpya, nikafunga, nikaiendesha ya Mama Émilienne mpaka njia ya uwanja wa ndege, sitini, themanini, nikiachia, nikikanyaga. Kimya. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuchukia kimya namna ile.

Nilikwenda kwanza kwa Mama Émilienne. Nilimkuta dukani, akipanga madumu. Nikamweleza yote, karai, nukta, shapo. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza aliuliza kama motokari sasa ni nzima. Nikasema ni nzima. Akasema basi ni vizuri. Nikamwambia Fabien arudi kwenye usukani wake, na hapo ndipo alipoacha madumu akanitazama.

"Nimurudishe nimwambie nini, Mbusa? Nilikufukuza juu ya mzaha?" Akashusha sauti. "Na Prince nimupeleke wapi? Mama yake atasema nini? Weye ulicheka, miye nikaamua. Siwezi kuja mbele ya mtu wa kazi yangu na aibu hiyo. Acha tu."

Nikamwambia aibu ni yangu, si yake. Akasema kama ni yangu nimpelekee Fabien mimi mwenyewe, na akarudi kwenye madumu.

Nikanunua unga wa mihogo, mfuko mzima, nikaenda kambini. Fabien hakuwapo. Gracieuse alinielekeza bondeni, ambako mumewe alikuwa akifyatua matofali kwa malipo ya siku. Hakuna mwenye motokari aliyempa kazi. Kila alipokwenda kuomba, aliniambia baadaye, walimuuliza kama si yeye Fabien Rulema. Jina lilikuwa limefika kabla yake, miguu ya jina ilikuwa na kasi kuliko ya mwenyewe.

Nilimkuta na udongo mpaka viwikoni. Nikamwambia nilivyomwambia Mama Émilienne. Yeye alielewa haraka kuliko yule, maana alikuwa fundi zaidi ya nilivyotaka kukubali.

"Nilikuambia iko kushoto," alisema.

"Uliniambia."

"Weye ukaniuliza blouse yangu iko wapi."

Nikautua mzigo wangu chini. Aliuona mfuko wa unga, akauliza ni wa nini. Nikasema ni wa watoto. Akaniambia nirudi nao, watoto watauliza umetoka wapi na yeye hajui atawaeleza nini. Kisha akanawa mikono katika maji ya matofali, ambayo hayanawishi, akasema hana haja na pole yangu. Alichokuwa akikitaka ni jina lake. Bila jina hakuna atakayempa usukani, na bila usukani watoto watano watakula udongo huu.

"Enda useme kule parkingi. Pale pale. Mbele ya wale wale. Kama vile ulisema siku ile."

Nikakubali. Nilikubali kwa moyo mwepesi, nikidhani nimepewa adhabu ndogo.

Alhamisi iliyofuata barabara ilifunguliwa na parkingi ikajaa tangu alfajiri. Fabien alikuja, akasimama kando ya ukuta, amevaa shati alilokuwa akivalia kazini. Mashofere wote walikuwapo, Camille na daftari lake la zamu, Constant amekuja kuangalia mzigo wake, Mama Régine na sufuria yake. Nikapanda juu ya kreti ya bia. Hilo lilikuwa kosa. Nilipopanda tu walianza kutabasamu, maana mimi juu ya kreti ni sinema ya bure.

Nikasema: Fabien hakuiba rulema. Mwizi ni mimi.

Wakacheka.

Nikasema sifanyi mzaha. Wakacheka zaidi, kwa sababu ndivyo ninavyoanzaga mizaha yangu yote. Nikaeleza karai. Nikaeleza nukta moja na nukta moja. Nilipofika pale niliposema shapo ya Mama Émilienne ilikwenda kuoa kwenye ponti ya Constant, nilijisikia mwenyewe nikisema vibaya, ulimi umezoea njia yake na ukapita humo bila kuniuliza, na benchi lote likaanguka. Camille alikuwa akijifuta machozi kwa daftari. Mtu akapaza sauti akauliza Fabien amenilipa kwa rulema ngapi. Mwingine akasema nimeanza vizuri, nimalizie na mahari. Nikaapa kwa kaburi la kaka yangu. Hapo wengine waliacha kucheka, wakaniangalia, kisha Camille akasema, "Huyu Mbusa, siku moja atatuua," na kicheko kikarudi na nguvu mpya.

Katika umati ule Constant peke yake hakucheka. Alikuja mpaka kwenye kreti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli motokari yake ilitembea zaidi ya mwezi mzima na shapo ya mtu mwingine kwenye barabara ile. Nikasema ni kweli. Akasema asante kwa kumwambia, na kwamba kuanzia leo atapeleka motokari zake kwa fundi mwingine. Aliyeniamini alikuwa mmoja, basi, na imani yake ilitosha kuniondolea mteja. Fabien haikumpatia kitu.

Nikashuka. Askari wakapiga filimbi, mashofere wakakimbilia motokari zao huku bado wakicheka, na mmoja akimpita Fabien akamgonga begani kwa upendo kabisa, akamwita Rulema.

Nikaenda ukutani. Nikaanza kumwambia kwamba nitarudi kesho, nitamwambia Camille peke yake, nitaandika barua, nitakwenda kwa padri. Akanyoosha mkono ninyamaze. Hilux ya Mama Émilienne ilikuwa inapita mbele yetu, Prince na simu yake, na Fabien alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza nyuma, pale kwenye magurudumu.

"Imenyamaza," alisema.

"Imenyamaza."

"Siku ile ulisema mara moja tu, patro, na wote wakakusadiki."

Hakusema kwa hasira. Alingoja mpaka motokari ya mwisho ya msafara ipite, akakunja mikono ya shati lake safi ili isichafuke, akashika njia ya bondeni. Camille alikuwa akiniita kutoka benchini, kikombe cha chai mkononi, anataka nimsimulie tena ile ya shapo iliyokwenda kuoa.